Ngamia wa Ebla na Koti la Maikrofoni

Tangu kipindi kirushwe hewani simu yangu haijapumua. Wote mnauliza jambo moja: kwa nini Nekesa, akifika Mandera, anasikika kama mtu anayeongea ndani ya gunia la mkaa? Wengine mmeniambia bila haya kwamba kazi yangu imeshuka. Basi vuteni viti. Nitaanza tulipotoka Nairobi, kwa sababu Mandera peke yake haielezeki, na kwa sababu sijawahi kufanya safari iliyonifurahisha hivi. Nikinyamaza itanipasua kifua.

Najua mtawasomea na wengine wasionijua, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni Wakesho, mzaliwa wa Voi, na kazi yangu ni kunasa sauti. Katika kipindi chetu cha Sufuria Safarini, Nekesa ndiye mpishi na ndiye sura: anazunguka nchi, anaingia majikoni mwa watu, anapika nao na kuongea bila kituo. Kioko anashika kamera. Mimi nasimama nje ya picha na ufito mrefu wenye maikrofoni kichwani, na ile maikrofoni huvaa koti la manyoya marefu ya kiwandani, ya rangi ya hudhurungi iliyofifia. Koti hilo ndilo linalokinga upepo. Ukilivua, hata upepo wa kupepea leso unasikika kama lori linapanda mlima. Nilikuwa nalo moja tu, na nilikuwa nalichana kwa kitana kila asubuhi. Kioko alizoea kusema nalichana kuliko nywele zangu mwenyewe, na hakusema uongo.

Nairobi kwenda Garissa, na mananasi

Tulikuwa tunakwenda kula, lakini Nekesa alinunua chakula njia nzima. Thika alishuka kununua mananasi. Matuu akashukia mapapai. Mwingi akapata asali, akaionja mbele ya muuzaji akifumba macho, na kwa kuwa amefumba macho hakuona kwamba ameshawekewa madebe mawili. Kioko akaishia kusafiri na nanasi mapajani.

Kwenye kizuizi cha barabarani kabla ya daraja la Tana askari alichungulia dirishani, akamtazama Nekesa, akatazama nanasi la Kioko, akamrudia Nekesa.

"Wewe ndiye yule wa televisheni aliyeunguza wali?"

"Niliunguza mara moja tu," akasema Nekesa, "na mnakumbuka hiyo hiyo."

Askari akacheka, akawaita wenzake, na tukakaa pale mpaka kila mmoja amepata picha na Nekesa na kipande cha nanasi. Joto la Garissa lilitupokea pale pale barabarani. Nilifungua mlango kunyoosha miguu nikaufunga tena upesi.

Garissa: ndizi

Garissa alitungoja Siyad, dereva wetu wa njia iliyobaki na mkalimani wetu, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia nyeupe safi ambayo sijui aliilindaje na vumbi. Alitupeleka moja kwa moja mkahawani. Ikaletwa sinia ya wali wenye hiliki, nyama ya ngamia juu yake, na kando ya kila mtu ndizi mbivu.

Nekesa akaiweka ndizi yake pembeni, aile baadaye. Mhudumu akaiona, akafikiri ina kasoro, akaleta nyingine. Nekesa akashukuru na kuiweka pembeni. Ikaja ya tatu, kubwa kuliko zote, na mhudumu sasa amekunja uso. Kufika hapo mwenye mkahawa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akitutazama.

"Nekesa, dada yangu," Siyad akasema kwa upole, "kula ndizi. Jikoni watu wameanza kulaumiana."

Akamwonyesha: unamenya, unakata kipande, unakila pamoja na tonge la wali na nyama, chumvi na utamu mdomoni kwa wakati mmoja. Nekesa akajaribu. Kisha akazila zote tatu na kuomba ya nne, na mwenye mkahawa akarudi ndani ametabasamu.

Mchana tuliingia soko la mifugo. Nilifanya kosa la kuomba kimya. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti vya masikioni, nimeinua mkono kama ninavyofanya popote, nikisema, "Tunaomba utulivu, jamani, dakika moja." Mzee mmoja aliyekuwa anauza mbuzi alinitazama kwa huruma.

"Dada, hapa soko," akasema. "Mtu akinyamaza kwa soko, watu wanasema huyo ameibiwa."

Wakaja kweli watu wawili kuniuliza nimepoteza nini. Nikavua vipokea sauti na kuacha soko lipige kelele zake.

Dagahaley: mkono wenye haraka

Siku iliyofuata tulikwenda kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na gari la askari mbele yetu. Humo kambini, katika mstari wa maduka madogo, kuna mama anayeitwa Sahra anayeuza anjera asubuhi. Anamwaga uji wa unga uliochachuka kwenye kikaango cha bapa, anauzungusha kwa chini ya kikombe kuanzia katikati kwenda nje, na mstari unatoka mviringo kama mistari ya sahani ya santuri. Wateja walikuwa wamejipanga mpaka nje.

Nekesa amepika mikoa yote ya nchi hii. Akakunja mikono ya gauni. Anjera yake ya kwanza ikapasuka, na ya pili ikakunjamana.

"Hii ni anjera ama ni ramani?" akauliza mteja mmoja, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Sahra hakucheka. Akamshika Nekesa kifundo cha mkono. "Mkono yako iko na haraka. Unataka kumaliza. Wacha yeye amalize mwenyewe."

Ya sita, au ya saba, ikatoka nzima. Watu wakapiga makofi, Nekesa akaruka kama mtoto, na Kioko akasogea na kamera kuipiga picha ya karibu. Kabla hajafika, Sahra alikuwa ameshaiweka kwenye sahani ya mteja aliyefuata, akaimwagia mafuta na sukari, na yule bwana akaila bila kuitazama mara mbili. Alikuwa anachelewa kazini zahanati. Nekesa alisema hiyo ndiyo sifa kubwa aliyopata mwaka huu.

Njia ya Diff: habari za msiba

Kutoka pale tulielekea Diff, kule mpakani, Wajir Kusini, kwa sababu Siyad ana mama yake mdogo anayeishi na mifugo nje ya mji. Anaitwa Ebla. Mpango wa Nekesa ulikuwa mmoja: chai ya maziwa ya ngamia, na anjera iliyokorogwa kwa maziwa hayo hayo, moto wa kuni, nyumbani kwa watu. Kipindi kizima kilijengwa juu ya maziwa hayo.

Gari la askari lilizama mchangani kabla ya adhuhuri. Tulisukuma, tukachimba, tukaweka matawi chini ya magurudumu, likazama zaidi. Nekesa akaona hapo ni mahali pazuri pa kupika. Akawachemshia askari tambi kwenye maji yetu ya kunywa, akachanganya na mwisho wa mapapai ya Matuu, na wakala kwa heshima, ingawa mmoja alimuuliza Siyad kando kama mpishi huyu ni yule yule wa televisheni.

Tulipokuwa tunangoja akapita mchungaji na punda. Salamu za kule hazikatwi. Siyad na yule mtu waliulizana hali, watu wa nyumbani, mifugo, mvua, njia, kisha wakaanza tena. Mwishoni nikaona uso wa Siyad umebadilika. Alirudi akakaa kwenye kivuli cha gari.

"Habari za mama mdogo ni njema," akasema. "Lakini Aulo amefiwa na mtoto."

Nekesa akafuta rangi ya mdomo. Akavua kitambaa chake cha njano akafunga cha kijani kibichi, ndicho alichokuwa nacho cha kiasi. Kioko akauliza kwa sauti ya chini kama ni sawa kuingia na kamera nyumba yenye msiba. Siyad akasema twende tu, mgeni njoo mwenyeji apone. Gari la askari liliponasuka, tukaendelea.

Kwa Ebla

Ebla ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa na macho yanayokukagua kabla ya kukuchangamkia. Alitutandikia mkeka. Nekesa hakukaa. Alimshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama, kwa msiba wa Aulo," akasema. "Tumeumia sana njiani. Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

Siyad akatafsiri bila kupepesa macho. Ebla akajibu kwa uzito ule ule: wa kike, na alikuwa ameanza kukimbia.

"Na Aulo mwenyewe yuko wapi? Anaweza kuonana na watu?"

Ebla akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya boma la miiba alisimama ngamia jike, rangi ya mchanga, ameelekeza kichwa upande mmoja.

Kioko alijificha nyuma ya gari. Mimi niliuma koti la maikrofoni ili nisicheke. Lakini Ebla hakuona cha kuchekwa. Alimpiga Nekesa begani mara mbili, akamwambia Siyad jambo, na Siyad akatuambia, "Anasema mna adabu. Wengine wakipita wanauliza tu kama nyama ya ndama iliuzwa."

Kisha ikaja chai, na ilikuwa ya rangi. Siyad alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu, na aibu niliyoiona usoni mwake sikuwahi kuiona kwa mtu aliyekaribishwa chai. Nyumba ya wafugaji kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni jambo zito. Hapo ndipo Bishar, mtoto wa Ebla, kijana wa miaka thelathini hivi anayejua Kiswahili cha biashara, alipotueleza hali.

Baba yake alikuwa amehama na ngamia wote kufuata malisho ya mbali. Walimwacha Aulo peke yake nyumbani kwa sababu alikuwa ametoka kuzaa, na maziwa yake ndiyo chakula cha watoto wawili wadogo wa Bishar mpaka mvua irudi. Fisi akaingia bomani akamla ndama. Tangu siku hiyo Aulo hashushi maziwa. Ngamia bila mtoto mbele yake anayabana.

"Ndama ikikufa tunachukua ngozi yake," Bishar akasema. "Tunajaza nyasi, tunaweka mbele ya mama. Ananusa, anasema huyu ni mtoto yangu, anatoa maziwa. Lakini fisi ilikula yote. Imebaki hii."

Akatuonyesha kipande cha ngozi kikubwa kama viganja viwili, na mkia mdogo umening'inia.

"Hii ni kidogo. Anaitafuta, haoni mtoto. Nilishona kwa ngozi ya mbuzi, akanusa mbuzi, akanipiga teke. Kila siku maziwa inapungua. Siku mbili, tatu, itakauka kabisa."

"Ikikauka?" Nekesa akauliza.

"Imekwisha. Mpaka azae tena."

Watoto wenyewe walikuwa pale pale mkekani, mapacha, wa kike na wa kiume, wanachovya vipande vya anjera kavu kwenye chai ya rangi.

Nekesa akasema tutapika hivyo hivyo, kwa tulicho nacho. Akapanga mafiga, akaanza kuongea na kamera, na mimi nikashusha ufito mbele ya mdomo wake. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, unabeba mchanga, na koti langu likafanya kazi yake vizuri mno. Kitu kimoja tu kilinikera. Kila mara katikati ya sentensi ya Nekesa nilisikia mlio mzito wa chini, wa kuvuta. Nikamsimamisha mara tatu. Ya nne nikakasirika.

"Siyad, tafadhali, yule ngamia asogezwe mbali. Ananiharibia kila kitu."

"Hawezi kuondoka pale," Siyad akasema. "Ndipo ndama alipokuwa analala. Anamwita."

Nikaelekeza maikrofoni kule kwa ngamia, nikabana vipokea sauti masikioni. Marafiki zangu, kazi yangu inanileta karibu na sauti kuliko mnavyozisikia nyinyi. Alikuwa anaita, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha anaita tena. Machozi yalinitoka nikiwa kazini, mbele za watu.

Ebla muda wote huo hakumtazama Nekesa wala kamera. Alikuwa anatazama ufito wangu. Niliuinua, Nekesa akanyamaza. Nikaushusha, Nekesa akaanza kuongea. Ebla akamwita Bishar, wakanong'onezana, na Bishar akanijia kwa adabu.

"Dada, mama anauliza. Hii mnyama yenu ilikufa lini?"

"Mnyama gani?"

"Hii. Mnaiweka mbele ya huyu mama, anatoa maneno. Mkiondoa, anabana. Mama anasema hata nyinyi mnajua hii kazi. Mtoto yake alikuwa mnyama gani?"

Siyad aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika. Nekesa alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Mimi nilijitahidi kueleza kwamba hayo ni manyoya ya kiwandani, kwamba hayajawahi kuwa na mnyama ndani, kwamba ni ya upepo. Bishar aliomba ruhusa, akalishika koti, akalinusa. Akalinusa tena, akampa mama yake. Ebla alizamisha pua yake yote ndani.

"Haina harufu," Bishar akasema polepole. "Ngozi ya mbuzi iko na mbuzi ndani. Hii haina mtu."

Nikaelewa anakoelekea kabla hajafika. Nikalichukua koti langu.

Nisiwadanganye, nilikataa. Nilisema ni moja tu. Nikasema tumebakisha Mandera, na pale ndipo Nekesa atapika kando ya mto kwenye upepo mtupu. Nilisema likipakwa ngozi mbichi na chumvi na mate ya ngamia, halitarudi kuwa koti. Bishar alisikiliza, akasema, "Haye, ni kazi yako, dada," na akaenda kukusanya kuni. Hakununa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikamgeukia Nekesa aniamulie. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Mimi naongea tu," akasema. "Sauti ni yako. Ukilitoa sitakulaumu, na usipolitoa pia sitakulaumu."

Aulo akaita tena. Nikalivua koti kwenye maikrofoni nikampa Ebla.

Alifanya haraka kuliko nilivyotarajia. Akalijaza nyasi kavu, akalishonea kile kipande cha ngozi na mkia wake kwa sindano kubwa ya mikeka, akalisugua kwa ngozi hiyo pande zote mpaka manyoya niliyoyachana mwaka mzima yakashikamana vishungi. Akalinyunyizia maji ya chumvi. Lilipokamilika lilikuwa na mkia nyuma na halikufanana na kiumbe chochote cha Mungu. Kioko alinisogelea akaninong'oneza, "Pole kwa msiba," nikampiga kiwiko.

Jua lilipokaribia kuzama upepo ukatulia, kama unavyotulia kule saa za magharibi. Bishar akalilaza lile koti palepale ndama alipokuwa analala, akatugeukia, akainua mkono.

"Tunaomba utulivu," akasema.

Sijawahi kuambiwa maneno hayo. Nilinyamaza mpaka pumzi.

Aulo akainamisha shingo. Akanusa, akainua kichwa juu akatazama mbali. Bishar akaanza kuimba taratibu, wimbo wa sauti moja inayopanda na kushuka, bila kumtazama. Aulo akarudisha pua. Akalamba chumvi. Akalamba pale penye ngozi, akaacha, akalamba tena, na kutoka kifuani mwake ukatoka mlio mwingine, mfupi, wa chini sana. Wenzangu hawakuusikia. Mimi niliusikia kwa sababu ya vipokea sauti. Huo haukuwa wa kuita.

Bishar akasimama kwa mguu mmoja, akaegesha chombo cha kukamulia kwenye goti la mguu wa pili, akamshika. Tone likaja, na jingine. Kisha maziwa yakashuka kwa kishindo, mikondo miwili, na sauti yake chomboni ikabadilika kutoka ya kupiga ubao ikawa nene, ya povu. Maikrofoni yangu ilikuwa uchi, na upepo haukuwepo. Nilinasa kila tone.

"Jamani, ngamia mzuri huyu, tazama maz..." Nekesa akaanza, na Siyad akamkanyaga mguu.

"Sema Mashaallah."

"Mashaallah," tukasema wote, na Kioko mara mbili kwa usalama.

Ebla akakileta chombo kwa mgeni kwanza, ndiyo desturi, na hakuna aliyethubutu kuikataa. Nekesa akakipokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, povu likabaki juu ya mdomo. Kisha akapiga magoti akawanywesha mapacha, mmoja, mwingine, tena na tena, na Ebla akamwacha. Yangu niliyanywa baadaye. Yana moshi, kwa sababu chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto, na chumvi kidogo, na yako moto kama mwili. Hatukupika kitu chochote usiku ule. Nekesa alitakiwa aseme neno la kufunga mbele ya kamera, akatazama kamera, akatikisa kichwa, akaenda kukaa karibu na Ebla.

Mandera: mtoto wa miezi mingapi

Njia ya kupitia Wajir na El Wak niliimaliza nikitafuta jinsi ya kuivisha maikrofoni. Soko la Mandera lina kila kitu, vya Ethiopia upande huu, vya Somalia upande ule. Nikamwambia mama mmoja mwenye duka la nguo nataka kitu laini, chenye manyoya, cha kuzuia upepo.

"Mtoto ana miezi mingapi?" akauliza.

Nikaona kueleza ni kazi. "Ana mwaka."

"Mashaallah. Kijana ama msichana?"

Akanichagulia kofia ya waridi yenye masikio ya sungura, akanifungia na soksi zake. Akasisitiza nimlete mtoto aione kama inamtosha. Nilipoitoa maikrofoni begani na kuivisha pale pale dukani, aliitazama, akanitazama, akaniombea dua.

Kando ya mto Daua, Nekesa alipika mchuzi wa mbuzi kwa vitunguu na ndizi za mashamba ya pale, na mtakubali kwamba alipika vizuri kuliko siku zote. Alikuwa na furaha ya kutosha kupikia mji. Lakini upepo wa mto uliingia masikio yote mawili ya sungura. Ndiyo hiyo sauti ya gunia la mkaa. Sasa mnajua.

Nairobi

Ofisini walinung'unika kidogo, wakaninunulia koti jipya, jeusi, zuri, halijashikwa na vumbi. Mhariri alisema maziwa ya Aulo ndiyo sauti safi kuliko zote nilizowahi kumletea, na akayaacha yasikike peke yake, bila muziki. Mliokuwa mnanisema mngesikiliza na hapo.

Bishar alinipigia wiki iliyopita, amepanda mahali penye mtandao. Upepo wa kule ulikuwa unapiga simu yake nikawa napata nusu ya maneno. Mvua imeanza kunyesha upande wa baba yake, ngamia wengine watarudi. Mapacha wananenepa. Aulo anatoa maziwa asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja.

"Lakini ile kitu imekwisha nywele," akasema. "Anailamba sana. Iko kipara kabisa, ngozi imechanika, mama anashona kila wiki."

Niliruka kitini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ninalo jipya, jeusi, na Siyad anapita huko mwezi huu, atalileta mpaka mlangoni.

Upepo ukapiga simu yake, nikafikiri imekatika.

"Wacha, walaal, dada yangu," akasema. "Usilete. Hiyo ingine si mtoto yake."